Visiwa Vinagawanywa, Wenye Visiwa Hawaitwi

Pale Luanda Kotieno, ufuo wa Kenya wa Ziwa Victoria, abiria wanapoisubiri feri ya kuvuka kwenda Mbita, kuna swali ambalo halikosi wa kulianzisha: mpaka wetu na Uganda uko wapi hasa? Mara mikono inanyoshwa. Mmoja anaonyesha nyuma ya kisiwa cha Mfangano. Wa pili anaapa kuwa ni mbali kuliko hapo. Mwingine, aliyewahi kunyang'anywa injini na nyavu majini, anasema mpaka uko popote boti ya askari inapokukuta. Watu wanacheka, kisha wanarudi kwenye bei ya omena.

Swali hilo nimelisikia mara nyingi, na kwa muda mrefu nililiona kuwa letu peke yetu, sisi wa ufuo huu. Halafu, tarehe 22 Mei 2025, Uingereza na Mauritius wakatia sahihi mkataba wa visiwa vya Chagos. Visiwa hivyo viko katikati ya Bahari Hindi, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka pwani ya Kenya, na mvuvi wa hapa kwetu Uyoma hana sababu ya kuvijua. Lakini ukiisoma historia yake ukiwa umekaa kando ya ziwa hili, unakuta kalamu iliyovitenga ni ileile iliyotugawa sisi, na hata aina ya karatasi ni moja.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mkataba wa kisiwa unaohesabu kambi, pesa na maji kabla ya kuhesabu watu hauumalizi ukoloni. Unaubadilishia sahihi tu. Mauritius imetuonyesha kwamba nchi ndogo inaweza kuibana dola kubwa kwa sheria. Wachagosi, wenyeji wa visiwa hivyo, nao wametuonyesha kwamba nchi inaweza kushinda kwa jina lako, nawe ukabaki nje ya mlango. Sisi tunaoishi kwa samaki wa maji ya Migingo, kisiwa kidogo ambacho Kenya na Uganda zinakigombania, tunayahitaji masomo yote mawili.

Karatasi za London

Tuanze nyumbani. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani walikubaliana kugawana sehemu hii ya Afrika. Wajerumani wakapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini huko Ulaya. Waingereza wakaachiwa njia ya kuiweka Zanzibar chini ya himaya yao. Katika makubaliano hayohayo mstari ukapitishwa juu ya Ziwa Victoria, digrii 1 kusini mwa ikweta, kutoka ufuo wa mashariki hadi wa magharibi. Visiwa viwili vilivyo mbali na ziwa letu vikawa bei ya biashara, na ziwa letu likakatwa humohumo. Waliokuwa wakivua ngege na ningu siku hiyo hawakupata habari.

Kisumu yenyewe ilikuwa Uganda hadi tarehe 1 Aprili 1902. Reli ilikuwa imefika mwishoni mwa mwaka 1901, na London ikaona ni vyema isimamiwe na utawala mmoja. Mkoa wa mashariki wa Uganda ukahamishwa kwa kalamu, watu wake wakiwa wamelala nyumbani kwao.

Mwaka 1926 ikatoka Amri ya Mfalme katika Baraza kuhusu mipaka ya koloni la Kenya. Kwa wasioifahamu, hiyo ni sheria ambayo mfalme au malkia wa Uingereza anaitoa pamoja na washauri wake, bila kura ya bunge. Ndiyo inayotajwa hadi leo. Mstari unaanza digrii 1 kusini, unagusa ncha ya magharibi ya kisiwa cha Pyramid, unapanda hadi Ilemba, kisha Kiringiti, kisha Mageta, unapita Sumba na kuufikia mdomo wa mto Sio. Katiba ya Uganda nayo inautaja mpaka huohuo. Migingo haimo kwa jina. Nani mwaka 1926 angejisumbua na jabali la nusu ekari?

Mwanasiasa wetu Tom Mboya, aliyezikwa kisiwa cha Rusinga, ng'ambo ya Luanda Kotieno, aliuongoza mkutano wa Accra wa Desemba 1958 ambapo wakoloni waliambiwa wafungashe virago. Wakafungasha, lakini karatasi wakatuachia. Na viongozi wetu, walipokutana Cairo Julai 1964, waliamua kwamba kila nchi ya Afrika itaheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Uamuzi huo ulituepusha na vita vingi. Lakini uliacha jambo moja bila jibu: itakuwaje pale ambapo mkoloni aliondoka na kisiwa mfukoni?

Pauni milioni tatu

Hapo ndipo Mauritius ilipokwama. Septemba 1965 viongozi wake walikuwa London kujadili uhuru. Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Wilson, alikutana na Seewoosagur Ramgoolam, kiongozi wa Mauritius. Nyaraka zilizofunguliwa baadaye zinaonyesha kwamba Wilson alishauriwa na maafisa wake amtie mgeni wake hofu na tumaini kwa pamoja: tumaini la kupata uhuru, na hofu ya kuukosa iwapo angekataa kuviachia visiwa vya Chagos. Ramgoolam akakubali. Bei ikawa pauni milioni 3.

Tarehe 8 Novemba 1965 ikatolewa Amri ya Malkia katika Baraza, ndugu wa ile yetu ya 1926. Chagos ikatengwa na Mauritius na kufanywa koloni jipya, wakati ambapo makoloni mengine yalikuwa yakifungwa. Visiwa vya Aldabra, Farquhar na Desroches vikachukuliwa kutoka Shelisheli, nayo ikajengewa uwanja wa ndege kama fidia. Hivyo vitatu vilirudishwa mwaka 1976 Shelisheli ilipopata uhuru. Chagos haikurudi, kwa sababu Marekani ilikuwa imekitaka kisiwa chake kikubwa, Diego Garcia, kiwe kambi ya kijeshi, na mwishoni mwa mwaka 1966 ikakubaliwa.

Na watu? Chagos ilikuwa na wakazi kati ya 1,500 na 2,000. Wengi walikuwa wajukuu wa watumwa waliotolewa Msumbiji na Madagaska kwenda kulima minazi. Walikuwa na makanisa yao, makaburi yao, na vizazi kadhaa vilivyozaliwa hapo. Maafisa wa London waliwaandika kama vibarua wa kupita, maana mkazi ana haki ambazo kibarua hana. Kati ya mwaka 1968 na 1973 waliondolewa wote. Mbwa wao waliuawa. Wao wenyewe wakashushwa Mauritius na Shelisheli, wengi wakaishia katika vibanda vya pembeni mwa Port Louis, bila kazi, kwa kuwa kuvuna nazi hakukuwa na soko mjini.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Wachagosi hawakuwapo London mwaka 1965, na kweli chao kikapotea.

Nchi ndogo mbele ya majaji

Wengi wetu tumelelewa na msemo kwamba mwenye nguvu mpishe. Mauritius ilikataa kupisha. Ni nchi ya watu milioni moja na robo hivi, isiyo na jeshi la kudumu. Ingefanya nini mbele ya Uingereza iliyo na kura ya turufu Umoja wa Mataifa, na nyuma yake Marekani?

Ilifanya kazi ya kuchosha. Mwaka 2010 Uingereza ilipoitangaza bahari ya Chagos kuwa eneo la hifadhi na kupiga marufuku uvuvi wa kibiashara, Mauritius ilikwenda kwenye jopo la usuluhishi, ambalo mwaka 2015 lilisema hatua hiyo ilivunja sheria ya bahari. Juni 2017 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuiomba Mahakama ya Kimataifa ya Haki itoe maoni yake: nchi 94 zikaunga mkono, 15 zikapinga. Tarehe 25 Februari 2019 mahakama hiyo, wakati huo ikiongozwa na Abdulqawi Ahmed Yusuf wa Somalia, ilisema kwa majaji 13 dhidi ya 1 kwamba Chagos ilitengwa kinyume cha sheria na kwamba Uingereza inapaswa kuondoka haraka iwezekanavyo. Miezi mitatu baadaye, katika Baraza Kuu, nchi 116 zikaitaka iondoke ndani ya miezi sita. Zilizopinga zilikuwa 6 tu.

Uingereza haikuondoka katika miezi hiyo sita. Maoni ya mahakama hayana askari wa kuyatekeleza. Lakini yalianza kuila kidogokidogo. Mshirika gani angeendelea kukaa kwa raha katika kambi ambayo majaji wa dunia wamesema imejengwa juu ya ardhi ya mwingine? Oktoba 2024 London ikatangaza kuwa imekubali, na Mei iliyofuata mawaziri wakuu Keir Starmer wa Uingereza na Navin Ramgoolam wa Mauritius wakatia sahihi. Navin ni mtoto wa yule Seewoosagur. Baba aliviachia visiwa, mwana akatia sahihi vitambuliwe kuwa vya Mauritius, miaka sitini baadaye.

Kenya ilikuwapo The Hague. Septemba 2018 wakili wake alisimama mbele ya majaji haohao kuitetea Mauritius, na ilikuwa fahari yetu. Sasa niulize jambo linalouma. Mwaka 2021, mahakama hiyo ilipokuwa ikisikiliza kesi ya Somalia dhidi yetu kuhusu mpaka wa baharini, tulifanya nini? Tulisusia vikao, tukaiondoa idhini yetu ya kuitambua mahakama, na hukumu ya tarehe 12 Oktoba ilipotoka tukaikataa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nchi inayosifu sheria pale inapompendelea rafiki yake, na kuikimbia inapoigusa yenyewe, itaenda na uso gani siku itakapoihitaji kwa ajili ya mvuvi wake?

Ushindi wenye tundu

Nisiishie kwenye kushangilia, maana mkataba wenyewe una tundu kubwa. Kwa maandishi yake, Mauritius inatambuliwa kuwa mwenye Chagos yote. Diego Garcia inabaki mikononi mwa Waingereza, na Wamarekani wao, kwa miaka 99, kwa malipo ambayo serikali ya Uingereza yenyewe imeyakadiria kuwa wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Wachagosi wanaahidiwa mfuko wa pauni milioni 40. Mauritius inaruhusiwa kuwarudisha watu katika visiwa vingine, isipokuwa Diego Garcia, ambako ndiko wengi walikotoka.

Je, waliulizwa? Walioketi mezani ni serikali mbili. Asubuhi ya siku ya kutia sahihi, wanawake wawili waliozaliwa Diego Garcia walikuwa wamepata amri ya muda ya Mahakama Kuu ya London kuuzuia mkataba. Saa chache baadaye amri hiyo ikaondolewa na sahihi zikatiwa. Wanasiasa wa upinzani London walipiga kelele nyingi, lakini sikiliza walilolia: pesa na China. Waliofukuzwa walitajwa pale tu walipofaa kuwa hoja.

Haikuwa mara ya kwanza mlango kufungwa mbele yao. Novemba 2000 kiongozi wao, Olivier Bancoult, alishinda kesi London kuhusu kufukuzwa kwao na kuta zikaonekana zimeanguka. Mwaka 2004 ikatoka Amri nyingine ya Malkia katika Baraza, ikaufuta ushindi huo bila bunge kupiga kura. Mwaka 2008 majaji wa juu kabisa wa Uingereza wakaiunga mkono, watatu kwa wawili. 1926, 1965, 2004: karatasi ya aina moja, na kila mara anayehusika anasoma habari zake baada ya wino kukauka.

Wapo Wachagosi wanaouunga mkono mkataba na wapo wanaoupinga, kama ilivyo katika ukoo wowote. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba hakuna kura yao iliyopigwa, ili tujue wengi wanasimama wapi.

Jirani zetu wa Komoro

Atakayesema Waingereza tu ndio wenye tabia hii aende Komoro. Desemba 1974 visiwa vinne vilipiga kura ya uhuru. Kwa jumla ushindi ulikuwa mkubwa, lakini Maore, ambayo Wafaransa huiita Mayotte, ilitaka kubaki na Ufaransa. Komoro ikajitangazia uhuru Julai 1975. Ufaransa ikahesabu kura kisiwa kwa kisiwa, ikabaki na Maore, na Februari 1976 ikatumia turufu yake Baraza la Usalama. Mwaka 2011 ikaifanya mkoa wake kamili.

Wapo Wamaore wengi waliotaka hivyo kweli, na mimi siwezi kudai watu wasikilizwe kisha niwazibe mdomo hao. Lakini tazama maisha ya nyumbani. Tangu mwaka 1995 mtu wa kisiwa cha Nzwani, huko Komoro, anahitaji viza kwenda Maore alikoolewa dada yake, umbali wa kilomita sabini hivi. Asiyeipata hupanda kwasakwasa, boti ndogo ya kuvulia, usiku. Wengi wamezama. Serikali mbili zikibishana kuhusu nani mwenye kisiwa, bahari inawatoza ushuru walio maskini.

Na sisi wa ziwani?

Sasa turudi kwenye maji yetu. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa hili. Uganda ina 43 na Tanzania 51. Mbuta amepungua karibu na ufuo, na anayemtafuta lazima aende mbali, karibu na mstari. Migingo iko mashariki ya mstari wa 1926, upande wa Kenya, karibu kabisa na Pyramid. Hata Rais Yoweri Museveni wa Uganda mwaka 2009 alikiri kuwa kisiwa ni cha Kenya. Alichodai ni kwamba maji yanayokizunguka ni ya Uganda. Fikiria: jabali lako, lakini ukichovya mguu umevuka mpaka. Mwaka huohuo nchi mbili ziliunda timu ya pamoja ya wapimaji. Kazi ikakwama. Polisi wa nchi zote mbili wakaendelea kukaa hapo, na mvuvi akaendelea kulipa.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Injini ikichukuliwa, tajiri mwenye boti anapata hasara, lakini vibarua wanne waliokuwa ndani yake wanarudi mikono mitupu. Mama anayengoja ufuoni na beseni lake hana samaki wa kukaanga. Kijana wa shule anarudishwa nyumbani kufuata karo wiki hiyohiyo. Bei ya samaki inapanda Kisumu, na mama wa mtaa wa Nyalenda anapima gorogoro ya omena kwa jicho la hesabu. Hakuna afisa wa Nairobi wala wa Kampala aliyekosa chakula cha jioni kwa sababu ya Migingo.

Hapa hatuwezi kumlaumu Mwingereza peke yake. Ameondoka zaidi ya miaka sitini iliyopita. Anayekagua leseni, anayetoza na anayenyang'anya ni ndugu yetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na anayenyamaza ni serikali yetu. Tumerithi kalamu, tukarithi na dharau yake kwa wanaoishi majini.

Je, haiwezekani kumaliza? Botswana na Namibia waligombania kisiwa cha mtoni ambacho wa kwanza wanakiita Sedudu na wa pili Kasikili.  Mwaka 1996 walikubaliana kwenda The Hague, na Desemba 1999 mahakama ikasema ni cha Botswana. La muhimu kwangu ni lililofuata katika hukumu hiyo: boti na watu wa nchi zote mbili watendewe sawa katika maji yanayokizunguka. Kisiwa kikapata mwenyewe, na majirani hawakukosa njia.

Tudai nini

Nataka mambo matatu, na yote yanawezekana bila risasi. La kwanza, Kenya na Uganda zipeleke suala la Migingo kwa wasuluhishi au mahakamani kwa makubaliano, na zikubali mapema kuyaheshimu matokeo, hata yakiwa machungu kwetu. Ramani ya pamoja ichapishwe, na maboya yawekwe majini ili mvuvi aujue mpaka kabla ya kukutana na askari.

La pili, kabla ya mawaziri kutia sahihi chochote, wawepo mezani viongozi wa BMU, yaani vikundi vya kusimamia fuo za uvuvi, za pande zote mbili, akina mama wa omena, na watu wanaolala Remba, Mfangano na Migingo yenyewe. Kuwaita ukumbini dakika za mwisho wapigwe picha ni mzaha. Wawe na haki ya kuyasoma makubaliano kwa lugha wanayoielewa na kusema hapana. Wachagosi walinyimwa haki hiyo na rafiki kama walivyonyimwa na adui.

La tatu, leseni ya mvuvi wa Afrika Mashariki itambuliwe pande zote za mstari, kwa masharti sawa ya nyavu na misimu. Soko la pamoja la Jumuiya lilianza rasmi Julai 2010. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao yake hapa Kisumu, na Shirika la Uvuvi la ziwa hili liko Jinja. Ofisi zipo, viti vipo. Kinachokosekana ni wa kuwasukuma walioketi juu yake.

Uchaguzi wa 2027 unakaribia, na wagombea watafika kwenye gati ya Luanda Kotieno na vipaza sauti, waahidi barabara na barafu ya kuhifadhia samaki. Tusiwaulize kama Migingo ni yetu, maana kila mmoja atapiga kifua na kupigiwa makofi. Tuwaulize ni lini watakwenda kwa msuluhishi, na ni nani kutoka ufuo huu atakayekuwa kwenye msafara huo. Atakayeshindwa kutaja mwaka na jina, kura tumnyime.